Misingi ya Mchezo wa Kuchekesha: Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi

Katika historia ya maonyesho ya Katanga, kundi la Mufwankolo lina nafasi ya pekee. Lilianza miaka ya 1950, likapitia redioni hadi kwenye televisheni, na likajulikana kwa jina la kisanii la kiongozi wake, Odilon Kyembe. Yafaa kuuliza: ni nini kilichoufanya mchezo wake mmoja ufaulu?

Jambo la kwanza ni kisa chenyewe. Kilikuwa kidogo, tena cha nyumbani au cha kazini. Mtazamaji hakungoja ajabu. Alingoja kuona mtu wa aina anayoijua atanaswa vipi.

Jambo la pili ni ufaraguzi. Waigizaji hawakukariri maandishi. Walikubaliana juu ya mfuatano wa matukio, wakagawana nafasi, kisha kila mmoja akajitafutia maneno yake. Ndiyo maana mazungumzo yao yalikuwa na mwendo wa barazani.

Jambo la tatu ni lugha. Kiswahili cha Katanga kilikua katika kambi za Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ambako watu wa nchi ya Waluba, inayofika Mulongo kwenye mto Lualaba, walikutana na wengine wengi. Jukwaani, Kifaransa kilitangaza cheo. Kilipomkwama msemaji, kicheko kilizaliwa.

Uzito wa sanaa hiyo ulidhihirika mwaka 1986. Mtafiti Johannes Fabian aliambiwa, mbele ya firigisi ya kuku, kwamba mamlaka huliwa mazima, hayagawanywi. Alipowauliza waigizaji maana ya msemo huo, walijibu kwa kuutungia mchezo, ukapigwa picha za televisheni katika kijiji cha Kawama. Ulikuwa wakati wa Mobutu na chama kimoja cha MPR. Kwa kuwa mtawala wa mchezoni alikuwa chifu wa kijijini, mamlaka yaliweza kujadiliwa bila kumtaja mkuu wa nchi.

Maneno ya mchezo huo yalichapishwa mwaka 1990 katika kitabu cha Fabian, kwa Kiswahili kilekile kilichodharauliwa na wengi. Hapo pana funzo kwa wanaisimu: mchezo wa kufaragua usiponakiliwa, hubaki katika kanda tu, na kanda ikipotea, lugha ya kizazi kizima hupoteza shahidi wake.