Mlio wa Chungu na Ufa Usioonekana

Marehemu bibi yangu hakununua chungu bila kukigonga kwa kifundo cha kidole. Chungu kizima kililia. Chenye ufa kilitoa sauti butu, naye alikirudisha kwa mfinyanzi hata kama macho hayakuona kasoro. Historia ninayoisimulia leo ni ya swali lake: utajuaje yaliyomo ndani ya kitu bila kukivunja? Ni historia pia ya swali la pili, gumu zaidi: ukishajua, nani atakusikiliza?

Mnamo 1816 mwanasayansi wa Uskoti, David Brewster, alichapisha uchunguzi wake kuhusu kioo. Kioo kikiminywa na kutazamwa kwa nuru iliyochujwa, ambayo mawimbi yake hutikisika upande mmoja tu, huonyesha rangi zinazofuata mkazo uliomo ndani. Njia hiyo, hata hivyo, ilihitaji kitu kinachopitisha nuru. Mwaka 1938, nchini Marekani, Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kivyake, walibuni kipimo cha waya mwembamba unaobandikwa juu ya kitu: kitu kikinyumbuka, waya nao hunyumbuka, na ukinzani wake wa umeme hubadilika. Mwaka 1950 Mjerumani Joseph Kaiser, katika tasnifu yake ya udaktari mjini Munich, alionyesha kwamba metali ikibebeshwa mzigo hutoa milio midogo. Mzigo ukiondolewa na kurudishwa, metali hukaa kimya mpaka uzito uzidi ule wa awali.

Nyenzo mseto zilileta ugumu mpya. Nyuzi za kaboni hupangwa tabaka kwa tabaka, hushikamanishwa kwa gundi, kisha huokwa. Zinapopoa, gundi husinyaa kuliko nyuzi, hivyo mkazo huzaliwa ndani kabla kitu hakijabeba hata kilo moja. Kipimo cha waya kilichobandikwa baadaye hakiuoni mkazo huo. Huonyesha tu mabadiliko tangu siku kilipobandikwa. Aidha, nyuzi zikishaanza kukatika, ule ukimya alioueleza Kaiser hutoweka na milio huanza mapema, chini ya uzito wa zamani. Ndiyo maana mhandisi makini hatosheki na kipimo kimoja. Hupitisha mawimbi ya sauti, hupiga picha za eksirei, kisha hulinganisha.

Elimu hiyo yote ilikuwepo kampuni ya OceanGate ya Marekani ilipounda Titan, chombo cha kuzamia hadi mabaki ya meli ya Titanic, takriban mita 3,800 chini ya bahari. Ganda lake lilikuwa la nyuzi za kaboni. Mnamo Januari 2018 David Lochridge, mkurugenzi wa shughuli za baharini wa kampuni hiyo, aliandika ripoti akitaka ganda lichunguzwe kwa njia zisizoharibu. Akaambiwa kwamba vipokea sauti vitakavyofungwa ndani vingetoa onyo. Alipinga: onyo la namna hiyo lingeweza kufika kufumba na kufumbua kabla ya ganda kupondwa. Alifukuzwa kazi. Akapeleka malalamiko katika idara ya serikali inayosimamia usalama kazini. Kampuni ikamshtaki, naye mwishowe akaachana na shauri lake.

Ganda la kwanza lilipata ufa mwaka 2019, likabadilishwa. Julai 2022, chombo chenye ganda la pili kikipanda kutoka kilindini, mlio mkubwa ulisikika. Vipimo vya waya vikaonyesha kwamba tangu siku hiyo ganda lilinyumbuka tofauti na awali. Takwimu zilikuwepo, na waliokuwa nazo waliendelea na safari. Tarehe 18 Juni 2023 bahari ililiponda ganda lile na kuua watu watano, akiwemo mkuu wa kampuni mwenyewe. Ripoti ya Walinzi wa Pwani wa Marekani, iliyotolewa Agosti 2025, ilisema maafa hayo yangeweza kuzuiwa. Ilitaja vitisho dhidi ya wafanyakazi waliohoji, na ikaeleza kuwa malalamiko ya Lochridge hayakushughulikiwa kwa wakati na idara iliyoyapokea.

Methali yetu ya ufa na ukuta hudhani kwamba kosa ni uvivu wa kuziba. Mimi naona kisa hiki kinatufundisha jambo jingine: ufa ulitajwa, ukaandikwa, ukapelekwa ofisini, ila aliyeutaja ndiye aliyegeuzwa kuwa tatizo. Tangu Brewster hadi leo, wanasayansi wamevipa vitu visivyo na kinywa uwezo wa kusema maumivu yao. Hakuna aliyebuni kipimo kinachomlazimisha mwenye mamlaka kusikia. Kazi hiyo imebaki mikononi mwa sheria zinazomlinda mtoa taarifa, na mwa watumishi wanaozitekeleza.

Ndugu mtumishi wa umma unayesoma haya, huenda mezani pako lipo jalada la mtu anayedai kwamba kitu fulani, daraja, jengo au kivuko, kinatoa mlio usio wa kawaida. Yawezekana amekosea. Lakini bibi yangu hakubishana na chungu, alikigonga tena. Lifungue jalada hilo leo, umtume mkaguzi.