Jinsi ya kuchagua gilasi inayofaa kwa kila aina ya mvinyo

MGENI anapoketi kwenye meza ya karamu katika hoteli kubwa jijini Nairobi au Mombasa, huenda akakuta mbele yake gilasi tatu au nne zilizopangwa safu moja, kila moja na umbo lake. Asiye na mazoea hubabaika asijue aanze na ipi. Hata hivyo, anayebabaika zaidi huwa mhudumu aliyeajiriwa juzi, ambaye kosa moja mbele ya mgeni mjuzi laweza kumharibia siku nzima, na makosa matatu yakamharibia kazi.

Kwa hivyo, elimu ya gilasi si ya walevi wala ya matajiri pekee. Inamhusu mwanafunzi wa hoteli anayejiandaa kwa mtihani, mwenye mkahawa anayetaka kununua vyombo, wazazi wanaoandaa karamu ya harusi, na hata mhudumu ambaye, kwa sababu ya imani au hiari yake, haonji kileo kamwe lakini anatakiwa kumwandalia mwenzake anayekionja. Inamhusu pia yeyote ambaye hataki kupoteza fedha, maana maduka yamejaa gilasi ghali ambazo si lazima mtu awe nazo.

Sehemu nne za gilasi

Gilasi ya mvinyo ina sehemu nne. Kuna kitako, yaani sahani ndogo inayokaa juu ya meza. Mguu, ambao ni ule mwembamba unaoshikwa kwa vidole. Tumbo, ambamo mvinyo hutiwa. Na mdomo, unaogusa midomo ya mnywaji. Bilauri ya kawaida ya maji haina mguu, nayo mdomo wake aghalabu ni mpana sawa na tumbo lake au kuuzidi.

Kila sehemu ina kazi yake. Mguu humwezesha mtu kushika gilasi bila kiganja kupasha mvinyo joto, na bila kuacha alama za vidole kwenye kioo. Tumbo huupa mvinyo nafasi ya kukutana na hewa na kutoa harufu yake. Mdomo, ukiwa mwembamba kuliko tumbo, huizuia harufu hiyo isitawanyike kabla ya kufika puani.

Siri ya jambo zima imo katika pua. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu. Mtu mwenye mafua hulalamika kuwa chakula hakina ladha ilhali ulimi wake ni mzima; kilichoziba ni pua. Gilasi nzuri basi ni ile inayoikusanya harufu ya mvinyo na kuifikisha panapostahili.

Ukweli na porojo

Dhana ya kuwa kila zabibu ina gilasi yake ilienezwa hasa na kampuni ya Riedel, ambayo makao yake yapo Kufstein nchini Austria. Mwaka 1973, Claus Riedel alizindua mkusanyiko wa gilasi zilizobuniwa kwa kuzingatia aina mbalimbali za mvinyo. Tangu hapo, watengenezaji wengi wamefuata mkondo huo.

Kwa miaka mingi wanunuzi waliambiwa kuwa umbo la gilasi huuelekeza mvinyo kwenye sehemu fulani ya ulimi: ncha kwa utamu, pande kwa uchachu, nyuma kwa uchungu. Maelezo haya hayana msingi. Ile ramani ya ulimi ilitokana na utafiti wa Mjerumani David Hänig wa mwaka 1901, ambao ulifafanuliwa visivyo katika kitabu cha mwaka 1942 cha Edwin Boring, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard. Leo inafahamika kuwa kila sehemu ya ulimi yenye vionjio huweza kutambua ladha zote.

Hata hivyo, si kwamba umbo halina maana. Mwaka 2015, watafiti wa Japani walioongozwa na Kohji Mitsubayashi walitumia kamera maalumu kuupiga picha mvuke wa kileo unaotoka kwenye gilasi. Mvinyo wenye joto la nyuzi 13 za Selsiasi ulipotiwa katika gilasi ya mvinyo, mvuke ulijikusanya kama pete kwenye ukingo wa mdomo, na katikati ukabaki haba. Maana yake ni kuwa pua iliyo katikati hupata harufu ya tunda bila kuchomwa na makali ya kileo. Mvinyo huohuo ulipotiwa katika bilauri iliyonyooka, au ulipopashwa joto zaidi, pete hiyo haikuonekana.

Mvinyo mwekundu

Mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda ya zabibu, na humo ndimo hupata rangi na ule ukakasi unaokausha kinywa, mfano wa bibo au chai ya rangi iliyokolea. Mvinyo mzito kama Cabernet Sauvignon au Shiraz hutiwa katika gilasi ndefu yenye tumbo kubwa, ili hewa iuguse na harufu zake zifunguke.

Mvinyo mwekundu mwepesi, kama Pinot Noir, una harufu laini inayopotea upesi. Huu hufaa gilasi ya tumbo la mviringo kama tufe na mdomo uliobana. Pinotage ya Afrika Kusini, ambayo ilibuniwa na Abraham Perold huko Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsault, hutengenezwa kwa mitindo mbalimbali. Iliyo nzito ipewe gilasi ndefu, na iliyo nyepesi ipewe ya mviringo.

Hapa pana onyo kwa wakazi wa maeneo ya joto. Vitabu vya Ulaya husema mvinyo mwekundu unywewe katika joto la chumba. Chumba kinachosemwa ni cha nyumba za kale za huko, chenye nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Mombasa au Kisumu mchana huweza kupita nyuzi 28, na katika joto hilo hakuna gilasi itakayouokoa mvinyo, kwani kileo huruka na kuifunika harufu ya tunda. Chupa iwekwe katika jokofu kwa takriban nusu saa kabla ya kufunguliwa.

Mvinyo mweupe na wa waridi

Mvinyo mweupe hunywewe ukiwa baridi, aghalabu kati ya nyuzi 8 na 12. Kwa sababu hiyo hutiwa katika gilasi ndogo kuliko ya mwekundu, ili kiasi kidogo kinachotiwa kimalizike kabla ya kupata joto. Sauvignon Blanc na wenzake wenye uchachu hufaa gilasi nyembamba yenye umbo la yai. Chardonnay iliyolazwa katika mapipa ya mwaloni ni nzito zaidi, na huhitaji tumbo pana kidogo.

Mvinyo wa waridi, ambao hupata rangi yake kwa kukaa na maganda ya zabibu nyekundu kwa muda mfupi tu, hunywewa katika gilasi ya mvinyo mweupe. Hauhitaji gilasi yake pekee.

Mvinyo wa povu

Katika harusi nyingi, mvinyo wa povu humiminwa katika gilasi pana iliyo kama bakuli, hasa pale wahudumu wanapotaka kuzipanga gilasi zikawa mnara. Kuna hadithi kuwa gilasi hiyo ilifinyangwa kwa kufuata titi la Malkia Marie Antoinette wa Ufaransa. Ni porojo tu. Mnara wapendeza machoni, lakini upana wa gilasi hiyo huiacha gesi na harufu viondoke upesi.

Gilasi ndefu nyembamba kama filimbi huhifadhi viputo kwa muda mrefu. Ila nayo ina kasoro: utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Reims, kitovu cha eneo la Champagne, na kundi la mwanafizikia Gérard Liger-Belair ulionyesha kuwa gesi ya kaboni hukusanyika kwa wingi zaidi juu ya gilasi nyembamba kuliko juu ya ile pana. Ndiyo maana pua huwashwa. Wajuzi wengi siku hizi huchagua njia ya kati, yaani gilasi ya umbo la ua la tulipu: nyembamba chini, imetanuka katikati, na imebana mdomoni.

Mvinyo mtamu na ulioongezwa kileo

Mvinyo wa Porto na wa sheri huongezwa kileo kikali wakati wa kutengenezwa, hivyo nguvu zake huwa kati ya asilimia 15 na 22. Hunywewa kidogokidogo, kwa kipimo cha mililita 60 hadi 75, katika gilasi ndogo yenye mdomo uliobana. Mvinyo mtamu wa kuhitimishia mlo hutiwa vivyo hivyo.

Kipimo kisikupotoshe

Hili ndilo jambo ambalo wengi hulipuuza, ilhali ndilo lenye hatari. Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha matokeo ya kupima gilasi 411 zilizotumika Uingereza kwa kipindi cha miaka 300. Walibaini kuwa gilasi ya wastani katika karne ya 18 ilibeba mililita 66, na kufikia mwaka 2017 ilibeba mililita 449. Hilo ni ongezeko la karibu mara saba.

Gilasi kubwa haikukusudiwa ijazwe. Nafasi iliyo juu ya mvinyo ndiyo nyumba ya harufu. Kanuni ni kutia hadi thuluthi moja ya gilasi, au mahali tumbo linapotanuka zaidi, usipite hapo. Chupa ya mililita 750 hutoa gilasi tano za mililita 150, au sita za mililita 125. Anayejaza gilasi ya mililita 450 hadi mdomoni amekunywa zaidi ya nusu ya chupa, naye akiulizwa na polisi wa trafiki ataapa kuwa alikunywa gilasi moja tu. Hatasema uongo, lakini barabara haijali hesabu ya gilasi.

Kwa mwenye mkahawa, hesabu hii ni ya faida na hasara. Mhudumu anayekadiria kwa macho katika gilasi kubwa huweza kumaliza chupa kwa wateja wanne badala ya watano. Ni heri kutumia kikombe cha kupimia hadi mkono uzoee.

Kioo chenye madini ya risasi

Neno bilauri lilitujia kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni kioo angavu cha thamani. Uangavu huo Wazungu waliupata kwa kuongeza madini ya risasi katika kioo, ufundi ambao George Ravenscroft aliuombea hataza London mwaka 1674. Katika Umoja wa Ulaya, kioo hakiruhusiwi kuuzwa kwa jina la kristali ya risasi kisipokuwa na angalau asilimia 24 ya oksidi ya madini hayo.

Kunywa mara moja kwa gilasi ya namna hiyo hakuzui hofu kubwa, kwa vile mvinyo haukai humo kwa muda mrefu. Hatari huja mvinyo unapohifadhiwa kwa siku au wiki katika chupa ya kristali ya risasi, kwani uchachu huitoa risasi polepole. Wajawazito na watoto wasitumie vyombo hivyo kwa kinywaji chochote, hata maji ya matunda. Viwanda vingi sasa hutengeneza kristali isiyo na risasi. Soma maandishi kwenye boksi kabla ya kununua.

Usafi na uhifadhi

Gilasi ghali iliyooshwa vibaya hushindwa na gilasi rahisi iliyo safi. Tumia maji moto na sabuni kidogo isiyo na manukato, kisha suuza mpaka utelezi uishe. Mabaki ya sabuni huua povu na kuacha harufu. Kausha kwa kitambaa safi cha lineni au pamba, ukiwa umeshika tumbo la gilasi. Usishike kitako kwa mkono mmoja na kulizungusha tumbo kwa mkono wa pili, maana mguu huvunjika na kukata kiganja.

Kabatini, gilasi zisimame kwa kitako. Zikifunikwa juu chini hufungia ndani harufu ya mbao na vumbi.

Ununue zipi?

Kwa nyumba ya kawaida, aina moja ya gilasi yatosha: yenye mguu, umbo la tulipu, kioo kisicho na nakshi wala rangi, na ujazo wa mililita 350 hadi 400. Hiyo itafaa mvinyo mwekundu, mweupe na hata wa povu. Wataalamu wenyewe huonja aina zote za mvinyo kwa gilasi moja. Kipimo cha kimataifa cha ISO 3591, kilichotolewa mwaka 1977, kinataja gilasi ya kuonjea yenye ujazo wa takriban mililita 215 tu, na mdomo uliobana kuliko tumbo.

Mkahawa mdogo unaweza kuongeza gilasi nyembamba za mvinyo wa povu, na hoteli kubwa ikaongeza gilasi za mviringo na zile ndogo za Porto. Nunua chache zaidi ya unazohitaji, kwa kuwa gilasi huvunjika, na kuipata iliyo sawa na zilizosalia baada ya mwaka mmoja ni kazi.

Na mgeni akifika ghafla ukiwa huna ila bilauri za maji? Zisafishe, tia kiasi kidogo, na umpe mvinyo ukiwa katika joto linalofaa. Mgeni huja kumwona mwenyeji. Gilasi humsaidia tu mwenyeji kumkirimu.