Mambo Msiige: Nyumba Yenye Wenyewe

"Ile nyumba ina wenyewe." Hivyo ndivyo wazee wa mtaa wa Shangani, Unguja, walivyotwambia tulipokuwa wadogo, na ikishaingia magharibi hakuna aliyetaka kucheza karibu na kuta za Mambo Msiige. Bibi yangu alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, tajiri aliyeijenga alitia maelfu ya mayai kwenye chokaa ili ukuta uwe mgumu. Ya pili aliisema kwa kunong'ona: ndani ya kuta hizo walizikwa watumwa, nao wangali hai.

Tajiri mwenyewe alikuwa Mwarabu wa ukoo wa Al-Harthi. Aliijenga kati ya 1847 na 1850, enzi za Sultani Seyyid Said, karafuu na biashara ya watumwa zikiitajirisha Unguja. Mwaka 1864 wakaingia wamisionari wa UMCA, watu waliokuja kuupinga utumwa. Mwaka 1874 wakapisha ubalozi mdogo wa Uingereza, uliokaa humo hadi 1913. Balozi wa wakati huo, John Kirk, ndiye aliyembana Sultani Seyyid Barghash mpaka akatia saini mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja. Baadaye ikawa hospitali ya Wazungu, kisha ofisi za serikali. Tangu 2015 ni sehemu ya hoteli ya Park Hyatt, na wageni wanalala mle tulimokatazwa kusogelea.

Mimi nimekula jasho la chokaa, basi niyapime masimulizi hayo kwa kazi yangu. Matumbawe huchomwa tanuuni, yakazimwa kwa maji, chokaa ikaachwa iive kwa miezi kabla haijachanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Nguvu ya ukuta wa Mji Mkongwe ni unene wake na subira ya aliyeujenga. Adui zake ni dari inayovuja na saruji inayofungia unyevu ndani. Yai si lazima. Na maiti je? Mwili ukioza huacha uwazi, na uwazi ndani ya ukuta ni mwanzo wa ufa. Fundi anayeijua kazi yake hawezi kukubali, hata akiamriwa na bwana mkubwa. Tena kisa kama hicho husimuliwa pia kuhusu jumba la Beit al-Ajaib, iliyojengwa 1883.

Hata hivyo simcheki bibi. Unguja ya miaka hiyo, waliobeba mawe kutoka ufukweni, waliokata kuni za tanuu na waliopanda jukwaani na karai za chokaa kichwani walikuwa watumwa kwa sehemu kubwa. Jina la tajiri limebaki, majina ya mabalozi yamebaki. Ya wabebaji hayakuandikwa popote. Watu wa mtaani, wasiokuwa na daftari, wakawahifadhi kwa njia waliyoiweza: wakawaweka ndani ya ukuta na kuwaita wenyewe wa nyumba.

UNESCO, iliyouingiza Mji Mkongwe kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, ililalamikia jengo jipya lililoongezwa kando ya Mambo Msiige. Mimi nina ombi dogo zaidi kwa wenye hoteli na kwa serikali yetu: wekeni kibao mlangoni, kwa Kiswahili, kiseme nyumba hii ilijengwa kwa mikono ya watu waliomilikiwa na watu wengine. Gharama yake haifiki bei ya chumba kwa usiku mmoja.