Kengeleni na Miaka 150 ya Freretown

Yeyote avukaye daraja la Nyali kuelekea Kisauni hulisikia jina la Kengeleni likinadiwa na makondakta, na akishuka ataiona kengele yenyewe imetundikwa kando ya njia panda, katikati ya moshi wa magari na kelele za wachuuzi. Lakini ni wachache mno, hata miongoni mwa wazaliwa wa Mombasa, wawezao kueleza iligongwa na nani na kwa sababu gani. Mwaka 2025 ilitimia miaka 150 tangu Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa, iasisiwe mahali hapo, na ni aibu kwamba wengi wetu tumeifanya kuwa steji tu.

Asili yake yajulikana. Mwaka 1872 Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere, ambaye mji huu una jina lake, kwa Sayyid Barghash wa Unguja, na mwezi Juni mwaka 1873, baada ya kushurutishwa sana, Sultani alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kuharimisha biashara yao baharini. Ama wale waliotolewa majahazini na manuwari za Kiingereza, Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, hawakuwa na pa kurejea, kwani vijiji vyao vilikuwa vimeteketezwa na jamaa zao kutawanyika. Kwa ajili yao padre William Salter Price wa misheni ya Church Missionary Society (CMS), aliyekuwa akiwalea Waafrika waliokombolewa huko Nasik, Bara Hindi, alinunua mwaka 1875 ardhi ya bara inayokabiliana na kisiwa cha Mombasa, si mbali na kaburi la Rosina Krapf, mke wa mmisionari Krapf, aliyefariki mwaka 1844.

Kitabu cha James Juma Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichotolewa mwaka 1934 na mwana wa mmoja wa waliokombolewa, kinawashukuru Waingereza kwa moyo wote, na shukrani hiyo yafahamika. Lakini mimi naona fadhila kubwa pia ni ya wale Waafrika wa Nasik, maseremala, wahunzi na walimu, waliokuja kuwapokea ndugu zao. Miongoni mwao walikuwa William Jones na Ishmael Semler, ambao mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwapa ushemasi. Wazee husimulia kuwa kengele iliita watu kazini, shuleni na kanisani, na kwamba ilipolia kwa wakati usiokuwa wake, kila mmoja alijua kuna jahazi la kutiliwa shaka au adui anayekaribia.

Na hofu hiyo haikuwa ya bure, kwa maana mkataba ulikataza kusafirisha watumwa baharini, haukuuondoa utumwa wenyewe, na wenye mashamba wa Mombasa na Takaungu walikuwa na haki, kwa kanuni za zama hizo, kumdai mtumwa aliyetoroka. Watoro walipoanza kumiminika misheni, hasira ilipanda hata mwaka 1880 Freretown ikatishiwa kushambuliwa, naye balozi wa Uingereza, John Kirk, akawaonya wamisionari kwamba hawana idhini ya kuwahifadhi. La kuhuzunisha zaidi ni kwamba ndani ya mji wenyewe msimamizi, J. R. Streeter, alikuwa akiwachapa viboko watu waliookolewa kutoka kwenye viboko vya utumwa, mpaka Frederick Holmwood wa ubalozi akaja kufanya uchunguzi mwaka 1881, na Streeter akaondolewa. Ugomvi wa watoro, hata hivyo, haukwisha. Katika misheni ya Rabai, chini ya uongozi wa Jones, wakimbizi waliendelea kupewa ardhi na kulima, na mwaka 1888 George Mackenzie wa Kampuni ya Imperial British East Africa alipofika, alikuta madai ya watu zaidi ya 1,400 katika misheni za pwani, na mabwana zao wakiapa kuingia vitani. Akasuluhisha kwa fedha: reale 25 kwa kila mtu, na tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai, watoro wakakabidhiwa hati za uhuru. Walionunuliwa awali kama bidhaa ilibidi wanunuliwe tena ndipo wawe waungwana. Na si haki kuisahau hesabu hiyo.

Freretown iliacha alama kwingine pia. Jones huyo ndiye aliyeurudisha pwani msafara wa Hannington, baada ya askofu kuuawa Busoga Oktoba 1885. Chuo cha dini kilichoanzishwa Freretown mwaka 1903 kilihamia Limuru mwaka 1930, na leo ndicho Chuo Kikuu cha St. Paul's. Lakini mji wenyewe ulibadilika. Daraja la kwanza la Nyali, lililoelea juu ya maji, lilifunguliwa mwaka 1931. La sasa lililifuata mwaka 1980, likaleta majumba ya kifahari na bei za viwanja zisizoshikika. Wazao wa waliokombolewa wamebaki wakilalamikia ardhi, baadhi yao wakizozana na kanisa lenyewe juu ya nani mwenye mji. Serikali ya kaunti, Makumbusho ya Taifa na kanisa yawapasa waketi pamoja na wazao hao, daftari za misheni zifunguliwe mbele yao, na kila ukoo uandikiwe hati ya mahali ulipozika wazee wake.