Mbuzi Watatu wa Darajani

Mnamo mwaka 1996 niliwasimulia watoto wa darasa la tatu hadithi ya mbuzi watatu waliotaka kuvuka daraja, na zimwi lililokaa chini yake likimzuia kila apitaye. Mtoto mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, hao mbuzi walikuwa wanakwenda Malawi?" Kwa mtoto wa Kasumulu, daraja ni la mto Songwe, na kuzuiwa darajani si jambo la ajabu. Tulicheka sote.

Hadithi ile ni ya Norwei. Nchi hiyo ilitoka mikononi mwa Denmark mwaka 1814, baada ya karne nne hivi, lakini wasomi wake waliendelea kuandika kwa Kidenishi. Ndipo Peter Christen Asbjørnsen na Jørgen Moe walipozunguka vijijini wakisikiliza ngano za wakulima, na kuanzia mwaka 1841 wakazichapa, wakiacha ladha ya maneno ya kijijini isikike ndani ya lugha ya kisomi.

Simulizi za kaskazini zilipokwisha kuandikwa hazikufa tena. J. R. R. Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892 (naam, barani kwetu!), alichukua majina ya vibeti wake kutoka shairi la kale la Iceland. Katika kitabu chake cha watoto cha mwaka 1937, The Hobbit, yamo mazimwi yanayogeuka mawe jua likichomoza.

Na mimi je? Marehemu mama alitusimulia kwa Kinyakyusa jioni, tukingoja wali uive. Shuleni nilimkemea kila mtoto aliyesema Kinyakyusa darasani. Kiswahili kilituunganisha, na hilo silijutii. Ila ningeweza kuwaagiza watoto walete kila Ijumaa hadithi moja ya bibi zao, tukaiandika kwa Kiswahili. Madaftari yalikuwapo. Sikuona kwamba yale ya mama yalikuwa kitu cha kuandikwa.

Mama alifariki mwaka 2003. Siku hizi najaribu kuandika hadithi yake ya fisi aliyejigeuza kijana mtanashati akaoa msichana mwenye maringo. Mwanzo naukumbuka. Wimbo wa fisi naukumbuka nusu. Jinsi msichana alivyotoroka, sikumbuki hata kidogo.

Dada yangu mkubwa yuko Ipinda. Nilipomwuliza, aliimba ile nusu nyingine ya wimbo bila kusita, kisha akasema msichana hakutoroka kabisa. Tulibishana hadi giza likaingia. Jumamosi nitarudi kwake na daftari.