Kurani: Jinsi Maneno Yaliyosomwa kwa Sauti Yalivyokuwa Kitabu

Wakristo wengi wa vijiji vyetu wakaa pamoja na majirani Waislamu. Hukutana nao mazikoni na arusini, hununua na kuuza nao sokoni, na jioni huwasikia watoto wa chuoni wakisoma kwa sauti maneno ya Kiarabu. Lakini tukiulizwa ni kitabu gani wakisomacho, wengi wetu hujibu kwa mambo ya kusikia tu. Wengine wamepata kukifungua, wakasoma kurasa mbili tatu, kisha wakakifunga, wakisema hakina mwanzo wala mwisho. Basi tumeona vema kueleza hapa asili ya kitabu hicho, maana si haki kumnenea jirani neno tusilolijua.

Kwanza na tuliangalie jina lenyewe. Maana ya Kurani kwa Kiarabu ni kusoma kwa sauti. Hata katika Kiswahili mtu husemwa kwamba amesoma hitima, ijapokuwa hakushika kitabu mkononi, kwa kuwa amesoma kwa moyo. Ndivyo ilivyokuwa Kurani tangu mwanzo. Ilikuwa sauti masikioni mwa watu kabla ya kukusanywa katika kitabu kimoja, na mambo mengi yanayomshangaza mgeni yatokana na asili hiyo.

Waislamu husadiki kwamba yapata mwaka 610 Muhammad, mtu wa Makka, alikuwa peke yake katika pango la mlima Hira, akajiwa na malaika Jibrili, akaamriwa kusoma. Maneno hayo hayakushuka yote kwa siku moja, bali kidogo kidogo kwa muda wa miaka 23. Aliyoyatoa Makka kabla ya kuhama mwaka 622 mengi ni mafupi, nayo yanena habari za Mungu mmoja na siku ya hukumu. Aliyoyatoa Madina mpaka alipokufa mwaka 632 mengi ni marefu, na ndani yake mna sheria za ndoa, urithi, saumu na vita.

Wafuasi wake waliyahifadhi moyoni. Mengine yaliandikwa juu ya vipande vya ngozi, makuti ya mtende, mawe membamba na mifupa mipana ya wanyama. Habari walizozipokea Waislamu zasema kwamba muda mfupi baada ya kufa kwake kulikuwa na vita kali mahali paitwapo Yamama, wakauawa wengi waliohifadhi Kurani. Omari akaingiwa na hofu, akamwendea Khalifa Abubakari, akamwambia kwamba wakizidi kufa watu wa namna hiyo, maneno yenyewe yaweza kupotea. Ndipo alipoitwa kijana Zaidi bin Thabiti, aliyekuwa mwandishi wa Muhammad. Kwanza alisita, kwa kuwa Mtume mwenyewe hakuifanya kazi ile; mwisho akakubali, akayakusanya maneno kutoka katika maandiko na katika mioyo ya watu. Kurasa zile zilikaa kwa Abubakari, kisha kwa Omari, kisha kwa Hafsa binti Omari, mjane wa Mtume.

Lakini shida haikwisha. Uislamu ulipoenea mbali, watu wa Sham na watu wa Iraki walikutana vitani, wakasikia kwamba hawasomi sawasawa, wakaanza kushindana. Yapata mwaka 650 Khalifa Athumani aliziazima kurasa za Hafsa, akamwagiza Zaidi na wenzake kuzinakili. Nakala zikapelekwa katika miji mikubwa, na maandiko mengine yakaamriwa kuchomwa moto, watu wasije wakafarakana kwa ajili ya kitabu chao.

Tena, maandishi ya Kiarabu ya siku zile yalikuwa na nukta chache sana, na vituo vya irabu havikuwako. Bila nukta, herufi za be, te na the hazitofautiani. Basi asiyeyasikia kwanza kwa mwalimu hakuweza kuyasoma vema. Nukta na irabu zilitiwa kamili baadaye, ila desturi imebaki: mtoto wa chuo husikiliza kwanza, kisha hufuatisha.

Kurasa za zamani sana zingaliko. Mbili za ngozi zimo katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba wataalamu wameipima ngozi hiyo, wakaona kwamba yamkini mnyama wake aliishi kati ya mwaka 568 na 645. Miongoni mwa maneno yaliyoandikwa humo yamo ya sura iitwayo Mariamu.

Sasa tutazame jinsi kitabu kilivyopangwa. Kina sura 114, na kila sura ina aya zake. Ya kwanza, Alfatiha, ina aya 7 tu, nayo husomwa katika kila sala. Inayofuata, Albakara, ina aya 286, ndiyo ndefu kupita zote. Baada yake sura zaendelea kupungua, ingawa si kwa kipimo kamili. Hata fupi kabisa zina aya 3. Basi hazikupangwa kwa kufuata miaka, na nyingi zilizotangulia kutolewa zimewekwa karibu na mwisho. Tena kitabu chote kimegawanywa juzuu 30, ili kisomwe chote katika siku za Ramadhani.

Mkristo atakayesoma atakuta majina anayoyajua: Nuhu, Ibrahimu, Musa, Daudi, na Isa mwana wa Mariamu. Lakini asidhani kwamba mafundisho ni mamoja. Kurani yamheshimu Isa kuwa nabii, aliyezaliwa na mwanamke bikira, ila yakana kwamba ni Mwana wa Mungu, tena yakana kwamba aliuawa msalabani. Jambo hili ni kubwa, wala halifai kufichwa kwa ajili ya adabu. Na aliyesoma mwenyewe aweza kulinena pasipo matusi.

Kwa Kiswahili, mtu wa kwanza kuitafsiri yote alikuwa kasisi wa misheni ya Unguja, Godfrey Dale, na kitabu chake kilipigwa chapa mwaka 1923. Mwaka 1953 Waahmadiya walitoa tafsiri yao, kazi ya Sheikh Mubarak Ahmad. Mwaka 1969 ikatoka kamili tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mzaliwa wa Unguja aliyepata kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Lakini Waislamu husema kwamba tafsiri yaeleza maana tu, na Kurani yenyewe ni ile ya Kiarabu. Ndiyo sababu katika sala huisoma kwa Kiarabu.

Basi atakaye kuanza asianze na Albakara. Na aisome sura ya 12, iitwayo Yusufu, maana habari zake zafuatana tangu ndoto ya mtoto mpaka ndugu kupatana. Kisha afungue kitabu cha Mwanzo, tangu mlango wa 37, aone yanayopatana na yasiyopatana. Na pale asipoelewa, amwulize jirani yake kwa upole, naye awe tayari kuulizwa habari za kitabu chake mwenyewe.