Nyama ya Tanuri: Istilahi ya Asado ya Kastilia

Mfasiri anayekutana na maneno cordero asado kwenye orodha ya vyakula ya mgahawa wa Madrid huwa na jibu tayari mdomoni: kondoo wa kuchoma. Msomaji wa Arusha au Nairobi ataona papo hapo wavu wa chuma, makaa chini yake, mafuta yakidondoka na moshi ukipanda. Picha hiyo inapendeza, lakini si ya chakula hicho. Kondoo wa Kastilia, eneo la katikati ya Uhispania, hakulazwa juu ya wavu wala hakuguswa na mwali wa moto. Ameokwa. Tofauti hii inastahili istilahi yake, kwa sababu bila hiyo hatukielewi chakula chenyewe, wala hatuelewi kwa nini migahawa inayokipika imeng'ang'ania majengo ya kale.

Tuanze na Sobrino de Botín, katika mtaa wa Cuchilleros, hatua chache kutoka uwanja wa Plaza Mayor. Guinness World Records inautambua kuwa mgahawa mkongwe kuliko yote duniani ambayo bado inahudumia wateja. Ulianza mwaka 1725, na mwanzilishi wake alikuwa mpishi Mfaransa aitwaye Jean Botin. Baadaye nyumba ilimwangukia mpwa wa mkewe, ndiyo maana hadi leo inaitwa Mpwa wa Botín. Zama hizo nyumba za wageni hazikuruhusiwa kuuza vyakula vilivyokuwa biashara ya watu wengine, kama vile nyama na divai. Mgeni alikuja na nyama yake, akaikabidhi, nayo nyumba ikampikia. Nyumba ile, kwa maneno mengine, iliuza moto. Mtaji wake ulikuwa tanuri, na tanuri hilo linatumika hadi sasa. Meza za wageni zimeenea ghorofani na hadi kwenye ghala la chini lililojengwa kwa matofali, lakini kiini cha nyumba ni palepale penye moto.

Tanuri la aina hii hujengwa kwa matofali au kwa udongo unaostahimili joto kali, na paa lake ni kuba fupi. Kijiji cha Pereruela, mkoani Zamora, kinasifika kwa matanuri yanayofinyangwa kwa udongo wake. Kuni huwashwa humo humo ndani, si chini yake. Zinazopendwa Kastilia ni za encina, mti wa jamii ya mwaloni usiopukutisha majani, wenye ubao mzito unaowaka polepole na kuacha makaa ya kudumu. Moto huachwa mpaka matofali yashibe joto. Mpishi hana kitufe cha kubonyeza wala kipimo cha lazima, bali hulitazama kuba. Mwanzoni huwa jeusi kwa masizi, na joto likifika kiasi chake masizi huungua na kuba likarudi kuwa jeupe. Hapo makaa husukumwa pembeni, na nyama iliyomo ndani ya chombo cha udongo huingizwa kwa beleshi lenye mpini mrefu.

Kuanzia hapo, kazi kubwa hufanywa na kuba na kuta. Joto lililohifadhiwa humo hurudi kwa mnururisho, yaani husafiri kama mwanga, bila kuhitaji kitu cha kulibeba, na humfikia kondoo kutoka juu na kutoka pande zote. Mafuta hayadondoki motoni. Hubaki chomboni na kurudi kuilainisha nyama. Chini huwekwa maji kidogo, na mvuke wake huzuia nyama isikauke. Kiungo ni chumvi, na wapishi wengi wa Kastilia hawataki kusikia kingine. Kwanza ngozi hutazama chini. Baadaye nyama hugeuzwa ili ngozi ipate ukavu wake na kuanza kulia chini ya meno. Kazi hii huchukua saa mbili au zaidi, na haina njia ya mkato. Ndiyo sababu migahawa mingi ya huko humtaka mteja aagize nyama mapema, kabla hajafika.

Tanuri kama hilo halihamishiki. Limeshikana na ukuta, na ukuta umeshikana na nyumba. Mwenye mgahawa akihamia jengo jipya atabeba meza, sahani na jina, lakini joto lake ataliacha nyuma.

Kiswahili hakikosi maneno hapa. Kuchoma ni kukutanisha kitu na moto wenyewe. Kubanika ni kukisogeza karibu na moto, kama samaki aliyebanwa kwenye kijiti. Kuoka ni kukiivisha kwa joto kavu lililofungiwa. Tena tunalo neno ambalo wapishi wa pwani wanalijua vizuri kuliko wanaisimu: kupalia. Mpishi anayepalia makaa juu ya kifuniko ili mkate wa kumimina uive kutoka juu ameshajua siri ya kuba, kwamba joto linalotoka juu hufanya kazi ambayo joto la chini peke yake haliwezi.

Kwa chombo chenyewe, neno ni tanuri. Wasomaji wa Biblia wanalijua kama tanuru, walimotupwa Shadraka, Meshaki na Abednego. Wachoma chokaa wanalijua, na watu wa Lamu na Mombasa wanalijua kwa mkate wa mofa. Oveni ni neno zuri kwa sanduku la chuma la jikoni, lakini halifai kwa nyumba ya matofali yenye moto ndani. Tanuri limetujia kutoka Kiarabu, tannur, na Oman bado huitwa hivyo lile shimo ambamo nyama ya shuwa hufukiwa siku za Idi. Neno hilo hilo liliingia Uhispania wakati wa utawala wa Waislamu, likawa atanor, ila maana yake huko iligeukia bomba la udongo la kupitishia maji. Wahispania waliupa moto wao jina la Kilatini, horno. Sisi ndio tuliobaki na tannur ya moto.

Kwa hiyo ninapendekeza horno de asar iwe tanuri la nyama, na chakula chake kiwe nyama ya tanuri, kwa muundo ule ule wa mkate wa mofa na wali wa nazi. Asador ni neno lenye maana tatu: kijiti cha kuchomea, mpishi, na mgahawa. Mpishi tumwite mwoka nyama, maana mchoma nyama tayari yupo mtaani na kazi yake ni nyingine. Mgahawa uwe mgahawa wa tanuri. Lechazo, kondoo ambaye hajaonja chochote ila maziwa ya mama yake, ni mwanakondoo anyonyaye. Kusema "kondoo mchanga" hakutoshi, kwa kuwa ulaini wa nyama hiyo unatokana na maziwa kuliko umri pekee.

Huko Segovia, chini ya mfereji wa maji uliojengwa na Warumi, uko mgahawa uitwao Mesón de Cándido. Mwenyewe, Cándido López, aliyefariki mwaka 1992, alijulikana kwa kumkata nguruwe anyonyaye kwa ukingo wa sahani mbele ya wageni, kisha akaivunja sahani sakafuni. Kwa msomaji Mwislamu nguruwe hamhusu, na kwa kondoo atauliza kwanza amechinjwaje, lakini istilahi haibadiliki. Sahani ile ilithibitisha kwamba nyama ya tanuri haihitaji kisu. Nyama choma huhitaji kisu kikali, ubao na meno imara, na utamu wake umo katika kazi hiyo.

Mfasiri asilichukue pendekezo hili na kulitumia kila anapoona asado. Nchini Argentina neno hilo hilo hutaja mbavu za ng'ombe zilizowekwa juu ya makaa, uani, kwenye wavu, watu wakiwa wamesimama kuzunguka moto. Hiyo iandikwe nyama choma bila kusita.